Muuzaji Binafsi na Haki ya Kunyamaza

Mwenzangu mmoja kazini, mtu mwangalifu asiyenunua hata nyanya bila ya kuzibonyeza, alimnunulia bintiye farasi wa kuruka vizuizi. Hakwenda kwa mfanyabiashara wa farasi. Alikwenda kwa familia moja yenye heshima zake, pande za Karen, iliyosema kwamba watoto wamekua na kwenda ng'ambo kusoma, na farasi amebaki hana wa kumpanda. Farasi alitolewa bandani, akatembezwa, akakimbizwa mchakamchaka, akaruka vizuizi vitatu kwa utulivu wa mzee avukaye barabara. Chai ikaletwa. Bei ilikuwa ya kiwanja kidogo Kitengela, nayo ikalipwa siku hiyo hiyo. Maandishi yote ya mauzo hayakuzidi mistari minne. Siku ya kumi farasi alianza kuchechemea mguu wa mbele wa kushoto. Alipumzishwa, akapata nafuu, akarudishwa uwanjani. Wiki ya tano, mbele ya kizuizi ambacho hakikumfika hata kifuani, aligoma ghafla. Binti wa miaka kumi na minne akaendelea peke yake hadi upande wa pili na kuvunjika mtulinga.

Miezi ilipita. Siku moja mwenzangu alikutana na saisi aliyekuwa akimtunza farasi yule kwa wenyewe wa kwanza. Walisalimiana, wakaulizana hali, na saisi akataka kujua kama farasi bado anapewa ule unga wake. Unga gani? Ule wa dawa, uliokuwa ukichanganywa kwenye pumba kila asubuhi ili mguu usimsumbue. Mwenzangu alipomuuliza kwa hasira kwa nini hakusema siku ile ya chai, saisi alijibu kwa adabu: "Hukuniuliza, mzee."

Neno hilo limenikaa kichwani tangu hapo, kwa sababu ndilo neno ambalo sheria yetu ya mauzo imejengwa juu yake. Muuzaji binafsi, yule asiyeuza kwa njia ya biashara, hana wajibu wa kukueleza kasoro ya kitu chake. Ukiuliza, asikudanganye. Usipouliza, anyamaze, apokee fedha, akufungulie lango.

Najua kuna msomaji anayekunja uso. Nchi ina deni la kutisha, vijana hawana kazi, hospitali hazina dawa, na mhadhiri anaandika juu ya farasi wa matajiri! Nakubali kwamba farasi wa kuruka ni anasa. Hata hivyo, sheria inayomlinda aliyeuza farasi mgonjwa Karen ndiyo hiyo hiyo inayomlinda aliyemuuzia mkulima wa Mwea punda mwenye kidonda chini ya nira, au aliyemuuzia mwalimu wa Kitui gari ambalo giaboksi yake inasubiri mlima wa kwanza. Nimemchagua farasi kwa sababu kwake hakuna wa kusingizia ujinga wa mnunuzi. Mwenzangu ana shahada mbili, ana fedha, anasoma mkataba kabla ya kutia sahihi. Ikiwa yeye alifungwa kitambaa usoni mchana kweupe, mwenye punda wa Mwea ana kinga gani?

Tuitazame sheria yenyewe. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, imechotwa kutoka katika sheria ya Uingereza ya 1893. Kifungu chake cha 16 kinaanza kwa kukana: hakuna sharti wala dhamana inayochukuliwa kuwapo, pasipo kutamkwa, kuhusu ubora wa bidhaa au kufaa kwake kwa kazi fulani. Kisha zinafuata tofauti, na zile zilizo kubwa zinamhusu muuzaji ambaye kuuza bidhaa za aina hiyo ndiyo shughuli yake. Kwa maneno mengine, ukinunua farasi kwa mwenye biashara ya farasi na ukamweleza kwamba unamtaka wa kuruka, sheria inasimama nawe hata kama hamkuandikiana. Ukimnunua farasi huyo huyo kwa jirani yako, sheria inaketi. Sheria ya Kulinda Mtumiaji ya 2012 nayo macho yake yako kwa afanyaye biashara. Na kwa kuwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, inatutaka tufuate kanuni za kimila za Kiingereza katika mikataba, tumerithi pia ule msemo wa Kilatini unaomwambia mnunuzi awe macho. Wahenga wetu walilisema jambo hilo kwa sura nyingine walipokataza kununua mbuzi ndani ya gunia, ila wao hawakusema kwamba aliyemfunga mbuzi guniani hana kosa.

Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza hushangaa wanapoona jinsi kanuni hizi zilivyochongwa kwa kesi za wanyama. Mwaka 1854, katika shauri la Hopkins dhidi ya Tanqueray, mnunuzi alikuwa akimkagua farasi miguu siku moja kabla ya mnada wa Tattersalls, London. Mwenye farasi akamwambia asijisumbue, farasi ni mzima kabisa. Mnunuzi akamwamini, akaacha kukagua, kesho yake akamnunua. Farasi hakuwa mzima. Mahakama ikasema kwamba maneno yale hayakuwa dhamana. Yalikuwa mazungumzo tu kabla ya mnada. Mwaka 1913 likafika mbele ya Mabwana wa Bunge la Uingereza shauri la Schawel dhidi ya Reade kutoka Ireland. Mnunuzi alitaka dume la kuzalisha, akaanza kumkagua, mwenye farasi akamzuia kwa maneno yanayokaribiana kabisa na yale ya 1854, na kuongeza kwamba kama kungekuwa na kasoro angemwambia. Safari hii ikaamuliwa kwamba ile ni dhamana, na mnunuzi akashinda.

Muungwana mmoja aliaminiwa akashinda, mwingine aliaminiwa akashindwa, na mawakili wamekuwa wakila kwa tofauti hiyo tangu wakati huo. Kesi inayonichoma zaidi, hata hivyo, ni ya nguruwe. Katika Ward dhidi ya Hobbs, 1878, mtu aliwapeleka sokoni nguruwe wenye homa ya kuambukiza, akawauza kwa sharti kwamba mnunuzi anawachukua pamoja na kasoro zao zote. Hakusema kwamba ni wazima. Hakusema kwamba ni wagonjwa. Nguruwe wakafa, wakaambukiza na wenzao waliokuwa wazima kwa mnunuzi. Mahakama ya juu kabisa ya dola ile ikaamua kwamba muuzaji hadaiwi kitu. Kunyamaza kwake hakukuwa uongo. Nawauliza wasomaji wangu walio katika utumishi wa umma, hasa wale wa idara za mifugo: mngeweza kuwaeleza wafugaji wa Narok kwamba hii ndiyo hekima tuliyoirithi?

Nitajibiwa kwamba kumpa farasi dawa ili kasoro isionekane si kunyamaza tena, ni ulaghai, na sheria inautambua ulaghai. Ni kweli. Kuficha kwa tendo ni kudanganya. Lakini ulaghai lazima uthibitishwe, na hapa ndipo farasi anapozidi gari. Fenilbutazoni, dawa ya maumivu na uvimbe inayofahamika katika mabanda ya farasi duniani kote, hutolewa kama unga ndani ya chakula. Farasi akiacha kuipata, baada ya siku chache damu yake haina cha kusema. Ipo dawa ya kumtuliza farasi mwenye wasiwasi, iko sindano ya kiungo inayoweza kumkalisha vizuri kwa wiki kadhaa, na iko njia isiyohitaji dawa yoyote: mkimbize kwa saa mbili alfajiri, na mnunuzi akija saa nne atakutana na mnyama mpole kama kondoo. Ipo pia hila ya kumrusha uwanja ule ule, vizuizi vile vile, alivyozoea tangu zamani, kisha ukasifu ujasiri wake.

Farasi wa kuruka anapotua, kwa nukta moja mguu mmoja wa mbele hubeba uzito wa mwili wake, unaoweza kufika kilo mia tano, pamoja na wa aliyempanda. Kano zilizowahi kuchanika na mifupa midogo iliyomo ndani ya kwato haviwezi kuficha siri mbele ya mzigo huo kwa muda mrefu. Ndiyo maana Uingereza wameweka desturi ya ukaguzi wa hatua tano kabla ya kununua: daktari wa mifugo humtazama farasi akiwa ametulia, kisha akikimbizwa kwa kushikwa hatamu, kisha akipandwa na kutolewa jasho, kisha akipumzishwa, kisha akikimbizwa tena, kwa kuwa mguu mbovu mara nyingi hujitaja baada ya kupoa. Damu huchukuliwa na kuhifadhiwa kwa miezi sita, ili mchechemeo ukitokea kuwe na cha kupimwa. Mwenzangu angeweza kumlipa daktari afanye hivyo. Hakufanya, kwa sababu mbele ya chai na keki aliona kwamba kuomba damu ya farasi ni kumtukana mwenyeji. Nimemlaumu kwa hilo na ninamlaumu tena hapa. Heshima yetu ya ugenini, iliyo nzuri sana msibani na harusini, ni mtego mnanda tunapokwenda kununua.

Lawama hiyo kwa mnunuzi haimwoshi muuzaji, na haiondoi swali la kwa nini soko hili limekaa lilivyokaa. Farasi wa Kenya wanaishi katika nchi yenye ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na usubi na unaoweza kuua sehemu kubwa sana ya farasi wasiochanjwa wanaoambukizwa. Nchi za Ulaya hazimkaribishi kirahisi farasi atokaye penye ugonjwa huo, na kumleta farasi wa Ulaya huku ni gharama na hatari. Kwa hiyo soko limejifunga ndani. Farasi wengi wanaorushwa vizuizi hapa walianza maisha katika mbio, katika uwanja wa Ngong unaotumika tangu 1954, wakikimbizwa wangali na umri wa miaka miwili au mitatu; walipokwisha kasi walifundishwa kazi ya pili. Kisha huzunguka: Karen, Lang'ata, Naivasha, Gilgil, kisha Karen tena. Familia zilizomo katika mzunguko huo zinajua farasi yupi alichanika kano mwaka gani. Taarifa zipo! Hupita mezani, hupita kwenye simu, hupita kila mahali isipokuwa kwa yule aliyeingia jana. Na aliyeingia jana, mara nyingi, ni mzazi Mwafrika wa tabaka la kati ambaye babu yake aliruhusiwa kuingia katika mabanda hayo akiwa ameshika ndoo tu.

Sidai kwamba kila muuzaji ni mlaghai. Nimekutana na mama mmoja wa Kizungu aliyemwambia mnunuzi kasoro nne kabla hajaulizwa hata moja, na farasi akanunuliwa papo hapo, kwa bei ya haki. Ninachodai ni kwamba adabu ya mama yule imeachwa iwe hiari yake, na yeyote asiye na adabu hiyo analindwa.

Tena kuna wale wanaojivika ubinafsi. Mtu anauza farasi sita kwa mwaka, na kila mmoja ni "wa mwanangu". Watoto hawaishi kukua katika nyumba hiyo. Uingereza, tangu 2008, imeweka katika orodha ya mienendo iliyokatazwa kabisa tabia ya mfanyabiashara kujidai kwamba yeye si mfanyabiashara. Sisi tulioikopa sheria yao ya 1893 kwa pupa hatujaona haraka ya kukopa na hii.

Narudi kwa saisi, kwa kuwa yeye ndiye aliyenifanya niandike. Neno saisi na neno siasa yametoka tumbo moja. Mzizi wao wa Kiarabu una maana ya kumtunza na kumwongoza farasi, na baadaye ukapanuliwa hadi kuwaongoza watu. Lugha inajua jambo ambalo sheria imelisahau. Saisi huamka kabla ya jua, hunyanyua kwato nne na kuzichokonoa, hupitisha kiganja kwenye kano akihisi joto. Anajua farasi anakula kiasi gani, analala upande gani, anaogopa turubai au pikipiki. Daktari humwona farasi kwa saa moja. Saisi humwona kila siku ya Mungu. Siku ya mauzo, mtu huyu mwenye elimu yote inayohitajika husimama hatua tatu nyuma, ameshika kamba, kimya. Akisema ukweli, mwajiri wake anapoteza mamia ya maelfu, naye anapoteza kazi jioni hiyo. Akinyamaza, mtoto wa watu ataanguka, na kuna uwezekano mkubwa kwamba saisi mpya ndiye atakayelaumiwa kwa kumtunza farasi vibaya. Kwa hiyo ukimya wa muuzaji binafsi haukai kinywani mwake peke yake. Amewaajiri watu wa kuubeba, kwa mshahara mdogo, na hawana chama wala kifungu cha sheria kinachowaruhusu kuutua.

Nami sijitoi. Miaka kadhaa iliyopita niliuza gari langu. Asubuhi za baridi lilikuwa na mlio, na fundi alikwisha kuniambia maana yake. Aliyelinunua, kijana mwalimu wa shule ya msingi, alikuja mchana wa jua kali. Aliuliza juu ya matairi, akauliza juu ya bima, akauliza kama linakunywa mafuta sana. Nilimjibu kila swali kwa uaminifu. Juu ya mlio hakuuliza. Nilifundisha kesho yake mada ya dhamana katika mauzo, na sauti haikunikwama.

Basi ninachotaka ni hiki, na ninawaomba wanaoandaa miswada wakisome bila ya kunifikiria kuwa nina chuki na walio na nafasi. Muuzaji yeyote, awe na duka au asiwe nalo, alazimike kumweleza mnunuzi kasoro anazozijua zinazogusa usalama au kazi ambayo kitu kinanunuliwa kufanya. Sisemi kasoro asizozijua. Jirani hawezi kufanywa mdhamini wa siri za mwili wa mnyama. Anazozijua. Kwa mnyama, kitabu cha matibabu kiende pamoja naye kama kadi ya chanjo ya mtoto, na ukurasa uliochanwa uhesabiwe kuwa ushahidi dhidi ya aliyeuchana. Mtumishi atakayejibu kwa ukweli swali la mnunuzi asifukuzwe kwa sababu ya jibu hilo.

Watasema haya ni mapya mno. Si mapya. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya taarifa zinazohitajika ili afaidi alichokinunua, haki ya kulindwa usalama wake na ya kulipwa fidia. Kisha kinaongeza, katika fasili ya tatu, kwamba haya yanahusu bidhaa zinazotolewa na mashirika ya umma au na watu binafsi. Mawakili watabishana kama maneno hayo yanamfikia mwenye farasi mmoja au yanaishia kwa kampuni. Wabishane, na mahakama iamue. Mimi nimeyasoma mara nyingi na sijaona mahali palipoandikwa kwamba mtu binafsi ni binafsi pale tu anapokuwa na duka. Bunge lililotunga sheria ya 2012 lilikuwa na kifungu hicho mezani. Likachagua kumfuata mfanyabiashara na kumwacha jirani.

Farasi yule yupo bado, katika shamba la kukodi karibu na Ngong. Daktari amesema anaweza kupandwa kwa mwendo wa kawaida, ila asirushwe tena. Analiwa fedha za nyasi na pumba kila mwezi bila ya faida. Majuzi mwenzangu alinijia ofisini, akafunga mlango. Kuna mzazi mmoja amempigia simu. Anatafuta farasi mtulivu wa kumfundishia mwanawe kuruka, na yuko tayari kuja Jumamosi. Mwenzangu aliniuliza, kwa kuwa mimi ni mtu wa sheria, kama analazimika kumweleza habari za mguu.

Nilimjibu kwamba kisheria, asipoulizwa, halazimiki. Akashusha pumzi. Nikamwomba anipe namba ya simu ya mzazi huyo. Akasema ataitafuta. Leo ni Alhamisi, na bado hajaniletea.